Barua za Wasomaji: Joto, Mvua na Theluji katika Dunia ya Minecraft

Tangu shule zifungwe, barua nyingi zinazofika katika ukumbi huu kutoka Lamu na Malindi zinahusu jambo moja, nalo ni hali ya hewa ndani ya mchezo wa Minecraft. Wasomaji wachanga wanauliza kwa sababu wanaucheza, na wakubwa wanauliza kwa sababu wameukuta sebuleni. Mchezo huu, uliotengenezwa na kampuni ya Mojang ya Sweden, humpa mchezaji dunia ya bloki, kila bloki ikihesabiwa kuwa na upana wa mita 1, ambamo huchimba, hulima na kujenga apendavyo; na dunia hiyo imegawanywa katika kanda za tabianchi, ambazo wachezaji huziita bayomu: jangwa, savana, msitu, kinamasi, tambarare ya theluji na nyinginezo. Barua tumezifupisha. Takwimu tunazozitaja ni za toleo la Java, lile la kompyuta, kama lilivyo tangu libadilishwe mwishoni mwa mwaka 2021.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Katika dunia yangu nimeshika njia ya kaskazini nikitaraji kufika penye theluji, maana mwalimu ametufundisha kwamba ukiiacha ikweta na kuelekea ncha za dunia, baridi huzidi. Nimevuka savana, nikaingia msituni, nikatokea tena savana, kisha nikajikuta jangwani. Je, ikweta ya dunia hii iko wapi? (Mwanafunzi wa kidato cha pili, Langoni, Lamu)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Dunia hiyo haina ikweta wala ncha, na hata ungefululiza mpaka ukingoni, ambako ni takriban bloki milioni 30 kutoka katikati, ungezidi kukutana na majangwa, misitu na theluji bila ya mpangilio ule unaoujua wa darasani. Alichokufundisha mwalimu ni sahihi kwa dunia yetu, kwa sababu dunia yetu ni tufe, na miale ya jua huipiga Lamu, iliyo kiasi cha nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta, karibu wima, ilhali huko kwenye ncha hufika kwa mshazari na nguvu yake ikatawanyika juu ya eneo kubwa. Dunia ya Minecraft ni bapa. Jua lake huchomoza mashariki na kuchwa magharibi kwa njia ile ile siku zote, mchana na usiku wake kwa pamoja vikichukua dakika 20 za saa zetu, wala halina mchango wowote katika kuamua wapi pawe na joto na wapi pawe na baridi.

Kinachoamua ni hesabu. Unapoanzisha dunia mpya, mchezo huchukua namba moja, iitwayo mbegu, na kutokana na namba hiyo hupatikana vipimo 6 vya kila mahali. Vitano kati ya hivyo ni ramani za nasibu: ya joto, ya unyevu, ya umbali kutoka baharini, ya mmomonyoko, na moja inayoamua kama mahali patapata sura ya kawaida au ya ajabu, cha sita ni kina, yaani umbali kutoka kwenye uso wa ardhi. Zifikirie ramani hizo kama karatasi ang'avu zilizolazwa moja juu ya nyingine: ukichoma sindano mahali popote, ncha yake itapita katika thamani ya kila karatasi, na mkusanyiko wa thamani hizo ndio unaoupa mchezo jina la ukanda wa mahali hapo. Joto limegawanywa katika ngazi 5, na unyevu vilevile ngazi 5. Katika ardhi ya kawaida ya bara, ngazi ya nne ya joto huzaa savana palipo pakavu, msitu palipo na unyevu wa wastani, na msitu mnene wa kitropiki palipo na unyevu mwingi. Ngazi ya tano huzaa jangwa, unyevu uwe mwingi au mchache, na hapo, kwa maoni yangu, ndipo watengenezaji walipojirahisishia kazi kupita kiasi, kwani mtu yeyote aliyewahi kukaa barazani Lamu mwezi wa Machi anajua kwamba joto kali na unyevu mwingi hukaa nyumba moja.

Thamani za ramani hizo hupanda na kushuka taratibu, kwa hiyo ni nadra kuruka kutoka ngazi ya joto kali hadi ile ya theluji bila ya kupitia zilizo katikati. Hilo ndilo litakalokusaidia katika safari yako kuliko dira. Iache migunga ya savana nyuma yako, tafuta tambarare na misitu ya majani mapana, na ukianza kuona misonobari mirefu yenye kijani cha giza, ujue joto linashuka upande huo na uendelee nao. Migunga ikirudi, geuza njia.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Kabla ya Oktoba 2010 mchezo haukuwa na kanda kabisa. Dunia nzima ilikuwa ama ya kijani ama ya theluji, na mchezaji alipangiwa kwa bahati tu. Mwezi huo zikaingizwa kanda zilizotokana na joto na mvua. Mabadiliko ya Septemba 2011 yakauvunja uhusiano huo, na ndiyo sababu wachezaji wa zamani watakusimulia jinsi walivyokuwa wakitoka kwenye mchanga wa jangwa na kukanyaga theluji kwa hatua moja. Oktoba 2013 kanda zikapangwa upya kwa makundi ya joto ili zinazopingana zisikae jirani, na Novemba 2021 ndipo ulipokuja mfumo huu wa vipimo 6 nilioueleza.

SWALI: Nimejenga mfano wa vilima vya mchanga vya kwetu. Nimefukia tambarare kubwa kwa mchanga, nikang'oa miti yote, hakuna hata unyasi. Bado mvua inanyesha. Nimekosea wapi? (Msomaji wa Shela, Lamu)

JIBU: Hukukosea. Ukanda huandikwa mahali wakati ardhi ya mahali hapo inapoumbwa kwa mara ya kwanza, na kuanzia hapo haujali umeweka nini juu yake. Ukifukia tambarare kwa mchanga, unachopata ni tambarare iliyofukiwa kwa mchanga. Ukienda jangwani ukapanda miti elfu moja, unachopata ni jangwa lenye miti, na halitanyesha. Njia pekee ndani ya mchezo ni amri iitwayo fillbiome, iliyoongezwa katika toleo la Java Desemba 2022, ambayo hubadilisha ukanda wa eneo unalolitaja, nayo inahitaji uwe na ruhusa ya kutumia amri katika dunia hiyo.

Lakini kwa kazi unayoifanya, nisingebadilisha chochote. Vilima vya Shela si jangwa. Ni mchanga uliosukumwa na upepo kutoka ufukweni, na mvua huvinyeshea kama inavyounyeshea mji; maji yake huzama mchangani na kuhifadhiwa chini, na visima vya hapo ndivyo vinavyounywesha mji wa Lamu. Mfano wako wenye mchanga na mvua kwa pamoja unafanana na Shela kuliko jangwa lolote ambalo mchezo ungekuumbia.

SWALI: Ninafundisha jiografia ya shule ya sekondari na ninafikiria kuutumia mchezo huu kuelezea kanda za tabianchi na kupungua kwa joto kadiri mtu anavyopanda mlima. Wanafunzi wangu walijenga mnara kwenye tambarare hadi kimo cha mwisho, wakasubiri mvua, na juu kabisa ikanyesha mvua ya kawaida. Je, mchezo haujali mwinuko? (Mwalimu, Malindi)

JIBU: Unaujali, mwalimu, tena kwa kanuni iliyo wazi kiasi cha kuandikika ubaoni; tatizo ni mahali walipochagua kujenga. Ila kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo yote huitwa joto. Lile la ramani, nililolieleza hapo juu, hutumika mara moja tu, wakati wa kuugawa ulimwengu. Baada ya hapo kila ukanda una namba yake ya joto, isiyobadilika, na hiyo ndiyo inayoamua mvua, theluji na barafu. Jangwa na savana zimepewa 2.0, msitu mnene wa kitropiki 0.95, tambarare ya nyasi 0.8, msitu wa kawaida 0.7, taiga, yaani msitu wa misonobari, 0.25, na tambarare ya theluji 0. Msitu wa kawaida unaweza kuota katika ngazi tatu tofauti za joto la ramani, lakini popote utakapoukuta namba yake ni ile ile 0.7. Namba hizi si nyuzi za Selisiasi na hakuna namna ya kuzigeuza ziwe nyuzi. Ni vyeo tu, na mpaka unaohusika ni 0.15. Chini ya hapo mvua hugeuka theluji.

Sasa mwinuko. Bahari ya mchezo imesimama karibu na kimo cha 63, na kuanzia kimo cha 80 kwenda juu, joto hupungua kwa 0.00125 kwa kila bloki, pamoja na kuyumba kidogo kwa nasibu ili mpaka wa theluji usiwe mstari ulionyooka. Bloki ya juu kabisa inayoweza kuwekwa iko kwenye kimo cha 319. Mnara wa wanafunzi wako ulipanda bloki 239 juu ya 80, kwa hiyo joto lilipungua kwa takriban 0.3, na 0.8 ikawa 0.5, ambayo bado iko mbali sana na 0.15. Wakijenga kwenye taiga watahitaji kufika kimo cha 160 tu, kwani 0.25 ukiipunguza kwa bloki 80 unapata 0.15 kamili. Kwenye vilima vinavyopigwa na upepo, ambavyo namba yake ni 0.2, theluji huanza kimo cha 120. Wape watoto namba ya ukanda na uwaache wapige hesabu ya kimo kabla hawajapanda kuhakikisha. Ni somo zuri kuliko michoro mingi iliyomo vitabuni, kwa sababu wakipanda kilima cha namna hiyo wakati wa mvua wataona kwa macho yao matone yakigeuka chembe nyeupe zinazoelea, na hatua chache chini yao mvua ikiendelea kuwa mvua.

Uwaambie, hata hivyo, kwamba katika dunia yetu hakuna mahali palipoondolewa katika kanuni hii kwa sababu tu ya jina lake. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, popote ulipo, na ndiyo maana Mlima Kenya, uliokaa karibu na ikweta, una barafu kwenye vilele vyake, kilicho kirefu kuliko vyote kikiwa na kimo cha mita 5,199. Katika Minecraft tambarare haiwezi kupata theluji kwa kimo chochote, kwa kuwa dunia huisha kabla ya baridi kufika.

Kuhusu kanda zenyewe ningekuwa mwangalifu zaidi. Ukitumia mpangilio wa kanda za tabianchi wa mwanasayansi Wladimir Köppen, ambao alianza kuuchapisha mwaka 1884, tabianchi ya kitropiki ni ile ambayo hata mwezi wake wa baridi kuliko yote una wastani usiopungua nyuzi 18, na pwani yetu, kuanzia Malindi hadi Lamu, imo katika kundi la savana ya kitropiki: kuna miezi mikavu ya Januari na Februari, na kuna mvua ya mwaka ambayo hufikia kilele chake mwezi wa Mei. Savana ya mchezo haipati hata tone. Imeandikiwa kwamba haina mvua, sawasawa na jangwa. Mwanafunzi atakayejifunza savana kutoka humo atatoka na picha ya nchi ambayo Mei haijawahi kufika, na hilo inabidi ulisahihishe siku hiyo hiyo.

SWALI: Kwa nini mvua ya Minecraft ikianza huwa ni dunia nzima? Hapa Malindi mjini inaweza kunyesha na Gede pakavu. (Fundi wa simu, Malindi)

JIBU: Kwa sababu mchezo una saa moja tu ya mvua kwa ulimwengu wote. Mvua ikianza hudumu kati ya dakika 10 na 20 za saa zetu, kisha hukatika kwa muda wowote kati ya dakika 10 na saa mbili na nusu, na wakati ikiwapo mbingu huwa kijivu kila mahali. Kila ukanda huitafsiri kwa namna yake: penye joto la wastani matone, penye baridi theluji, na jangwani ni wingu tu lisilotoa kitu.

Ukitaka kuliona jambo hili vizuri, simama mahali savana inapokutana na tambarare. Mpaka umekatwa kwa vipande vya bloki 4 kwa 4, kwa hiyo haukunyooka bali una meno meno, na mvua inapoanza utaona michirizi ya maji ikishuka upande mmoja wa meno hayo na upande wa pili nyasi zimekauka kabisa, chini ya wingu lile lile. Nyasi nazo hubadilika rangi hapo, kwani mchezo huzipaka rangi kwa kutazama joto na unyevu wa ukanda: za savana zina umanjano uliochujuka, za tambarare ni kijani kibichi, na katikati rangi mbili huchanganywa ili jicho lisigutuke.

SWALI: Mwanangu anasema ndani ya mchezo kuna Marafa. Ni kweli? (Mama wa watoto watatu, Malindi)

JIBU: Kuna ukanda unaofanana sana na Marafa, lile korongo la karibu na Malindi ambalo wenyeji huliita Nyari, na si ajabu, bibi, mtoto wako aliyewahi kupelekwa kuliona aliutambua. Ni nyika kame ya udongo mgumu uliopangwa kwa matabaka ya rangi, chungwa, nyekundu, manjano na nyeupe, pamoja na mchanga mwekundu chini. Hutokea penye ngazi ya juu kabisa ya joto ambapo ardhi imeinuka kuwa uwanda wa juu, na wachezaji huupenda kwa sababu dhahabu hupatikana humo kwa wingi kuliko kwingineko.

Kilichonishughulisha mimi ni kwamba ukanda huu nao hauna mvua. Marafa imechongwa na mvua. Miaka na miaka ya maji yanayoteremka kwenye mchanga laini ndiyo iliyoacha zile nguzo na kuta kali, na kila msimu wa mvua hula kipande kingine. Katika mchezo kuna ramani inayoitwa ya mmomonyoko, lakini hakuna kitu kilichomomonyoka. Ni namba inayosema ardhi iwe tambarare au iwe na milima, na matabaka ya rangi yamepangwa kwa kimo tangu siku ya kwanza. Mito nayo ni hivyo hivyo. Sabaki hushuka kutoka nyanda za juu na kumwaga udongo wake baharini kaskazini mwa Malindi, ilhali mto wa Minecraft ni mfereji ulio sawa na usawa wa bahari, usiotoka popote na usiochukua kitu.

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi nimefanya biashara ya boriti maisha yangu yote. Mjukuu wangu amenionyesha mikoko ndani ya simu, kisha akapanda mmoja kwenye theluji nao ukamea. Nimemwambia huo si mkoko. Nani ana haki? (Mzee wa kisiwa cha Pate)

JIBU: Waalaykum salaam, mzee wangu. Haki ni yako, ingawa mjukuu naye hakudanganya. Mikoko iliingizwa katika mchezo Juni 2022, pamoja na ukanda wake wa kinamasi chenye tope, na kuna jambo moja ambalo watengenezaji walilipata barabara: mche huning'inia kwenye tawi la mti mama ukiwa tayari umeanza kuota, na unaweza kupandwa ndani ya maji, kama afanyavyo mkoko wetu. Zaidi ya hapo wamechukua mti mmoja tu. Kenya ina aina 9 za miti hii, na zaidi ya nusu ya misitu yake yote iko Lamu, na wewe hukuhitaji kitabu ili kujua kwamba mlilana husimama mbele kabisa penye maji ya bahari, mkoko ukafuata, na mkandaa na mchu vikarudi nyuma kuelekea nchi kavu. Mpangilio huo unatokana na maji kupwa na kujaa na kiasi cha chumvi ambacho kila mti huvumilia. Mchezo hauna kupwa wala kujaa, na maji yake hayana chumvi.

Kuhusu theluji, mimea ya mchezo huota katika ukanda wowote, mradi ardhi inafaa na mwanga unatosha. Baridi haiui mti. Katika dunia halisi, jalidi huiua mikoko, na ndiyo sababu kubwa ya kuwa miti hii imebaki katika pwani za joto. Ukanda wenyewe wa mikoko, lakini, huwekwa na mchezo penye ngazi mbili za juu za joto na ardhi iliyo tambarare kupita zote, bila ya kuangalia unyevu. Ndiyo maana mjukuu wako ataukuta mara nyingi umepakana na jangwa.

SWALI: Mbona vyura wangu wana rangi tofauti tofauti? (Mtoto wa darasa la tano, Malindi)

JIBU: Kiluwiluwi huangalia mahali anapogeuka kuwa chura, si mahali alipozaliwa. Kwenye kanda za joto huwa mweupe, za wastani huwa rangi ya chungwa, na za baridi huwa kijani. Lakini hapa mchezo hausomi ile namba ya joto niliyomweleza mwalimu. Unasoma orodha iliyoandikwa kwa mkono. Kinamasi cha mikoko na tambarare ya nyasi vyote vina 0.8, na bado cha kwanza kitakupa chura mweupe na cha pili chura wa rangi ya chungwa. Tangu Machi 2025, ng'ombe, nguruwe na kuku nao wana sura tatu kwa utaratibu wa namna hiyo.

SWALI: Kuna kaskazi na kusi? (Nahodha, Lamu)

JIBU: Hakuna, nahodha. Hakuna msimu hata mmoja, na upepo hauna nguvu juu ya chombo chochote. Mawingu huelekea magharibi mwaka mzima, na jahazi la huko hupigwa makasia.

SWALI: Nina shamba la ngano kwenye tambarare ya theluji. Kila nikirudi nakuta mfereji umeganda na udongo umekauka. Nihame? (Kijana wa Mpeketoni, Lamu)

JIBU: Usihame, kwani baridi yenyewe haimdhuru mnyama wala mmea wako. Kinachokuponza ni maji. Katika ukanda wa baridi, maji yaliyo wazi chini ya mbingu huganda hata bila ya theluji kuanguka, yakianzia kingoni, pale yanapogusa ardhi, kisha yakaingia ndani bloki kwa bloki. Barafu hainyweshi shamba. Udongo uliolimwa hupata maji kutoka kwenye chanzo kilicho umbali usiozidi bloki 4, na chanzo kikiganda hukauka, ngano ikakua kwa kusuasua, na sehemu ambayo haijapandwa ikarudi kuwa udongo wa kawaida.

Dawa ni mbili. Unaweza kuufunika mfereji kwa vibao ili usione mbingu, na hapo hautaganda kamwe. Au unaweza kuchomeka mienge kando yake: maji hayagandi ikiwa mwanga wa taa unaoyafikia ni wa kiwango cha 10 au zaidi, na mwenge hutoa kiwango cha 14 ambacho hupungua kwa 1 kila bloki moja, kwa hiyo mwenge mmoja hulinda maji yaliyo umbali wa hadi bloki 4. Ningependelea vibao na mienge kwa pamoja, maana mienge hukufaa pia kwa kuzuia maadui wasizuke shambani.

SWALI: Sisi ni kikundi cha vijana wa Malindi na tunataka kujenga mji wa mwambao: bahari yenye matumbawe, ufuko wa mchanga, mvua, na mikoko karibu. Tumetafuta kila mahali. Penye matumbawe hakuna mvua, na penye mvua hakuna matumbawe. (Kikundi cha vijana, Malindi)

JIBU: Mmegusa penyewe, na si bahati mbaya. Tangu Julai 2018 bahari za mchezo nazo zina kanda zake, kuanzia ya barafu hadi ya joto, na miamba ya matumbawe hutokea katika bahari ya joto peke yake. Bahari hiyo huumbwa penye ngazi ya tano ya joto la ramani. Ngazi ya tano, kama nilivyomweleza mwanafunzi wa Langoni, huko nchi kavu ni jangwa, na mchezo haukuishia hapo: hata ufuko wa bahari hiyo huandikwa kuwa jangwa badala ya kuwa ufuko. Kwa hiyo matumbawe yanapokutana na nchi kavu, kwa kawaida yanakutana na mahali pasiponyesha. Sheria ya mbuga ya bahari ya Malindi, iliyolindwa tangu mwaka 1968, ingekuwa kitu kigeni kabisa huko, kwa kuwa matumbawe ya mchezo hayafi kwa maji kupata joto kama yetu yalivyopauka mwaka 1998; hufa tu yanapokosa kugusana na maji.

Mnachohitaji ni ngazi ya nne. Tafuteni mahali bahari ya joto, ambayo maji yake yana buluu iliyoelekea kijani, inapoanza kugeuka kuwa bahari ya uvuguvugu, yenye buluu iliyokolea zaidi. Fuateni pwani kuelekea upande wa uvuguvugu mpaka mchanga wa jangwa uishe na ufuko wa kawaida uanze, kwani ufuko huo una joto la 0.8 na hunyesha. Nyuma yake mtakuta ama savana ama msitu wa kitropiki. Chagueni msitu, na mkiona kinamasi cha mikoko kando yake, basi mmepata kila mlichokiomba, na matumbawe yatakuwa mwendo mfupi wa mashua. Minazi sahauni, mchezo hauna. Msiweke msingi siku mtakayofika. Ngojeni mvua ya kwanza, mmoja wenu asimame pale mtakapojenga msikiti na mwingine pale mtakapojenga soko, na ikiwa mmoja analowa na mwenzake yuko mkavu, sogezeni soko.